Kimaasai cha Kununulia Maziwa

Mtaani kwetu Bagamoyo hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mkewe, akitoka mlangoni kumtafuta, aliuliza, "Mmemwona Mkalimani?" Alikuwa amestaafu wakati mimi bado nasoma shule ya msingi, lakini cheo kilibaki naye. Miaka mingi alisimama mahakamani kati ya majaji walioandika kwa Kiingereza na watu waliosema Kikwere, Kizigua, Kizaramo na lugha nyingine za huku mkoani Pwani. Na bado alitembea kama mtu anayeweza kuitwa ndani wakati wowote: koti la kijivu, hata joto liwe kali vipi, na viatu vilivyopigwa kiwi hata kama anakwenda kununua samaki.

Hakupenda mambo yafanywe nusunusu. Ukimtupia shikamoo huku unapita, alikusimamisha.

"Marahaba. Sasa simama nikujibu. Hujambo? Mama hajambo? Umeamkaje?"

Na alingoja majibu yote matatu. Tulipokuwa watoto tulizunguka njia ya nyuma tukichelewa shule, kwa sababu kumwamkia Mkalimani kulikuwa safari nzima.

Redio ilimpa taabu zaidi. Mgeni wa nje akihutubia na mtu akimfasiria, Mkalimani aligombana na kile chombo pale kwenye benchi la kahawa.

"Ameruka! Mgeni kasema mambo matatu, huyu katoa mawili. La tatu kalipeleka wapi?"

"Si ulifikishe wewe," walimchokoza.

"Ningekuwa pale lingefika."

Wazee wenzake walicheka, yeye hakucheka. Aliamini hivyo kabisa.

Kasoro yake kubwa ilijulikana na kila mtu isipokuwa yeye. Hakujua kusema sijui. Ukimuuliza njia ya kwenda mahali asipopajua, alikuelekeza. Chini ya ofisi ninayofanyia kazi kuna duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kihindi, wako hapa tangu zamani kuliko nyumba nyingi za mtaa huu. Bibi yao aliugua siku moja, wanawe hawapo, na muuguzi wa zahanati hakuelewa Kigujarati. Mkalimani alikuwa amekuja kununua bawaba. Akajitolea. Bibi akaeleza kwa kirefu, anaonyesha kwa mikono, na Mkalimani akamwambia muuguzi kwamba mgonjwa anasumbuliwa na tumbo. Binti wa bibi alipofika akakuta mama yake anaulizwa amekula nini, akaangua kicheko.

"Mzee wangu, umempandisha bibi goti mpaka tumboni!"

Mkalimani alijibu kwamba wale wanatumia lahaja nyingine. Jambo hilo lilichekwa mtaani mwezi mzima. Nami nililicheka. Sikujiuliza kama tabia hiyohiyo aliwahi kuingia nayo mahali ambapo kicheko hakiruhusiwi.

Chuo kikuu kilinifundisha kuuliza, hakikunifundisha kunyamaza. Nilirudi Bagamoyo na shahada ya sheria, nikapata kazi katika ofisi ndogo ya msaada wa kisheria, juu ya duka hilo. Wakili wetu alikaa Dar, akija mara moja kwa wiki. Siku nyingine nilikuwa peke yangu na barua za wafungwa. Ziliandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu, herufi zimebanana, mhuri wa gereza juu. Nyingi zilitoka kwa watu wa kifungo cha maisha, waliohukumiwa kwa mauaji. Kila mmoja hana hatia. Kila mmoja shahidi wake alidanganya. Sikuwaamini, na sikuwaamini pia waliowafunga. Nilikaa katikati nikiwa na hasira na pande zote mbili.

Mkalimani alikuja kusoma magazeti yetu bure. Baadaye akaanza kunisaidia kufasiri mienendo ya kesi, maana mfungwa anapelekewa kumbukumbu za kesi yake kwa Kiingereza asichokijua, halafu anatakiwa aeleze imekosewa wapi. Alifanya kazi hiyo kwa bidii iliyonishangaza, kwa sababu msimamo wake niliujua. Yeye alitaka wauaji wanyongwe. Alisema hadharani, kwenye kahawa, hata mbele ya imamu.

"Sasa mzee, mbona unawasaidia?" nilimuuliza.

"Nataka wanyongwe wakijua walichoambiwa."

"Hiyo siyo hoja, mzee. Haki ya kuishi unaikataa, haki ya kuelewa unaitetea?"

"Wewe soma vitabu vyako. Mtu unaweza kumnyima mambo mengi kwa sababu ya alichofanya. Lakini kujua unamnyima nini, hilo huwezi."

Nilimwambia anachanganya mambo. Akaniambia mimi ni wakili wa kuchapwa kwenye karatasi, kwenye kesi sijawahi kuingia. Vyote viwili vilikuwa kweli.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa mpaka barua ya Melita ilipofika.

Melita ni mfugaji wa Kimaasai aliyekamatwa akiwa kijana, huko upande wa Lugoba. Ng'ombe waliingia kwenye shamba la mihogo, kukatokea ugomvi alasiri ile, na mwenye shamba akafa kwa jeraha la sime. Melita alihukumiwa kunyongwa. Baada ya miaka kadhaa adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Sasa alikuwa amemaliza zaidi ya miaka ishirini gerezani. Ombi lake lilikuwa limeshapokelewa na mahakama ya haki za binadamu ya bara zima, ile iliyoko Arusha, kabla serikali haijaondoa ruhusa ya mtu binafsi kwenda pale moja kwa moja. Dai lake lilikuwa moja: alihukumiwa katika kesi asiyoielewa, kwa kuwa wakati ule Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia tu. Mawakili wa serikali walijibu kwa mstari mmoja. Kumbukumbu zinaonyesha kulikuwa na mkalimani wa Kimaasai, na aliapa.

Nikafungua kumbukumbu kuangalia. Kweli, mkalimani aliapishwa, na jina lake limeandikwa. Nililisoma mara mbili kabla sijajua ni nani, maana sikuwa nimewahi kuliona likiwa kamili.

Alikuwa amekaa dirishani na gazeti.

"Mzee, wewe unajua Kimaasai?"

"Mimi nimekulia na wafugaji. Kwa nini?"

Nikamsogezea karatasi. Aliisoma akiwa ameishika mbali na macho, kisha akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake ileile.

"Nilifanya kazi yangu," akasema, akaondoka.

Hakuja siku tisa. Siku ya kumi alipanda ngazi asubuhi, hakusalimia kwa namna yake, akaketi.

"Jaji aliuliza nani anajua Kimaasai," alisema. "Aliyetakiwa kuja hakuja. Mashahidi wamesafiri, wazee wa baraza wamekaa, kikao kinaisha Ijumaa. Nikanyosha mkono. Kimaasai changu kilikuwa cha kununulia maziwa, binti yangu. Leta, bei gani, yamechacha, kesho. Nikaapa nacho kwenye kesi ya mauaji."

"Na hakuna aliyegundua?"

"Agundue nani? Mle ndani mwenye kujua zaidi yangu alikuwa mshtakiwa, na yeye hakuwa na njia ya kusema. Hata wakili wake aliyepewa na serikali alizungumza naye kupitia kwangu."

Akanieleza ilivyokuwa. Shahidi anaongea nusu saa, yeye anamgeukia kijana na kumwambia maneno sita: huyu anasema wewe ulikuwepo. Shahidi wa pili: huyu naye anasema ulikuwepo. Kila shahidi akimaliza, jaji anauliza kama mshtakiwa ana swali zaidi ya yale ya wakili. Kijana anatikisa kichwa, kwa kuwa hajui aulize kuhusu nini. Jaji anaandika kwamba hana swali. Mashahidi watano, mara tano.

"Unaamini hakuua?" nilimuuliza.

"Naamini aliua."

"Basi?"

"Basi nini? Nilimkalisha pale kama gunia la mkaa, watu wakazungumza juu yake. Andika. Nitaapa."

Mahakama ya Arusha ilikuwa imetoa siku chache za kuleta ushahidi wa nyongeza, na bila kiapo chake dai la Melita lilikuwa neno la mfungwa dhidi ya kumbukumbu. Nilichapa siku ileile. Kurasa mbili. Alisahihisha kila mstari. Nilipoandika "sikuifahamu vema lugha hiyo," akaikata, akaandika pembeni, "sikuijua." Nikampa aende kuapa. Akakataa.

"Kwanza niende kwa Mwanahawa."

Mwanahawa anauza mananasi ya Kiwangwa pale sokoni, meza ya tatu ukiingia. Bagamoyo nzima inamjua kwa ulimi wake. Nilichokuwa sikijui mimi ni kwamba marehemu wa shamba la mihogo alikuwa kaka yake, na kwamba yeye, akiwa binti wa miaka kumi na saba, ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza. Mkalimani alikuwa mteja wake tangu Mwanahawa alipohamia mjini. Mwanahawa alimwita mjomba.

Nilimsihi Mkalimani tusiende. Kisheria hatukuhitaji ruhusa ya Mwanahawa, na angeweza kuvuruga kila kitu. Mkalimani alikuwa ameshavaa koti.

"Karibu mjomba," Mwanahawa alituona mbali. "Leo umekuja na mwanasheria kabisa? Nanasi langu limekushtaki?"

"Nimekuja kwa jambo la kaka yako."

Kisu kilisimama juu ya ganda. Mkalimani akamweleza akiwa wima mbele ya meza, bila kupunguza, watu wakipita na vikapu vyao. Alipomaliza, Mwanahawa alimtazama kwa muda.

"Kwa hiyo kaka yangu kafa kwa Kimaasai?"

"Kaka yako alikufa kwa sime. Mimi nazungumzia kesi."

"Siku ya hukumu ulipita nyumbani kwetu. Ukala wali wetu. Ukamwambia mama, haki imetendeka."

"Nilisema."

"Ulisema kwa Kiswahili, mjomba. Hicho tulikuelewa."

Mwanahawa alisukuma maganda pembeni kwa kisu.

"Wakimtoa je?"

"Sijui," alisema. Nilimgeukia kumtazama. Lilimtoka kwa shida, kama mtu anayetoa mwiba mwenyewe.

Nilidhani yameishia hapo. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri tutakavyofanya akija ofisini na ndugu zake kutuvuruga. Lakini Mwanahawa aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kanga, na sauti yake ilipotoka tena ilikuwa nyingine.

"Mimi nilimtazama usoni siku ile. Nilisema yote. Mama alivyokaa na ile maiti mapajani, hataki kuinuka. Nilisema makusudi, nimtazame, nione. Yule mtu hakupepesa jicho. Miaka yote hii mimi nasema yule siyo binadamu." Aliegemea meza. "Yale niliyosema ulimwambia?"

"Hapana."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba unasema alikuwepo."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, mama."

Mwanamke wa meza ya jirani alikuwa ameacha kupanga ndizi zake. Mwanahawa akachukua nanasi alilokuwa ameanza kulimenya, akalimaliza, akalikata vipande, akampa mteja aliyekuwa anangoja. Ndipo akamgeukia Mkalimani.

"Kaape. Halafu umfuate huko aliko ukamwambie. Yote. Na mananasi yangu usije kununua tena."

Aliapa siku ileile mbele ya wakili, na wino wa sahihi yake ulipita upande wa pili wa karatasi. Na mananasi ya Mwanahawa hakununua tena. Alipita sokoni kama kawaida, akiifikia meza ya tatu anaamkia kwa heshima, anaitikiwa kwa heshima, anakwenda kununua kwa mtu mwingine mananasi madogo yasiyo na utamu.

Habari ilienea, na mji ukamlipa kwa namna yake. Kwenye benchi la kahawa kuna waliokaa upande wa pili alipokuja. Mmoja alimwita wakili wa wauaji. Alijibu kwamba wakili analipwa, yeye anakunywa kahawa ya kukopeshwa. Hakuhama benchi. Karani mmoja waliyestaafu pamoja alimjia ofisini kwetu, akafunga mlango.

"Unatuaibisha sote, mwenzangu. Ulifasiri kesi ngapi maisha yako? Watataka zote zifumuliwe."

"Za Kimaasai zilikuwa tatu," Mkalimani alisema. "Mmoja alikufa gerezani. Mmoja ni huyu. Wa tatu aliachiwa kwa rufaa, sijui aliko. Wewe ulikuwa unatunza majalada. Nisaidie kumtafuta."

Karani aliondoka bila kuaga. Baada ya wiki mbili alirudi na kipande cha karatasi chenye jina la kijiji karibu na Ubena. Alikiweka mezani akasema hakukileta yeye.

Mimi nilikuwa bado na maswali. Nilimwambia kwamba kiapo kinaweza kumfanya ajisikie msafi bila kumfaa Melita lolote, na kwamba nilishaona watu wengi wanaopenda kukiri kuliko kurekebisha. Hakukasirika. Aliuliza kibali cha kuingia gerezani kinaombwa kwa nani.

Kilichukua muda mrefu kupatikana. Tulikwenda watatu: mimi, yeye na mwalimu mmoja mwanamke wa Lugoba, Mmaasai, ambaye Mkalimani alimfuata mwenyewe na kumwomba aje amfasirie. Njia nzima alimwuliza neno hili linasemwaje, lile linasemwaje. Aliyaandika kwenye bahasha. Afya yake ilikuwa imeshaanza kumwacha, pumzi fupi, na ngazi za ofisi hakuwa anapanda tena. Nilikuwa namshushia karatasi kwenye benchi.

Melita aliletwa akiwa amevaa sare ya rangi ya chungwa. Mwembamba, mvi kichwani, ndewe za masikio zimelegea. Nilikuwa na picha ya kijana akilini, na kijana huyo hakuwepo. Mkalimani alisimama, akaanza kusoma kwenye bahasha yake, taratibu, kwa Kimaasai. Mwalimu akainama kumsaidia neno la kwanza.

"Shikamoo, mzee," Melita alisema. "Sema Kiswahili tu. Nimekaa na Waswahili miaka ishirini na zaidi. Hata ndoto naota kwa Kiswahili."

Mwalimu alicheka, kisha akaacha kucheka.

Mkalimani aliishika ile bahasha kwa muda, akaikunja, akaanza kuomba msamaha. Alikuwa amejiandaa, najua, nilimsikia akirudiarudia njiani. Melita alimwinulia mkono.

"Hayo baadaye. Karatasi umekuja nazo?"

"Nimekuja nazo."

"Yule dada wa kwanza. Alisimama pale muda mrefu, analia, ananitazama mimi. Alisema nini?"

Askari aliyekuwa mlangoni alitukumbusha kuwa tuna nusu saa. Nilimsogezea Mkalimani kiti, hakukaa. Alivaa miwani, akafungua ukurasa wa Kiingereza, na akaanza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti isiyo ya kwake, kama wanavyotakiwa kufanya wakalimani, kwa kusema "mimi" mahali ambapo shahidi alisema "mimi."

"Mimi naitwa Mwanahawa. Marehemu ni kaka yangu. Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni."

Aliendelea. Mahali jaji alipofupisha, aliinua macho na kujaza kwa yale aliyoyakumbuka na yale aliyorudi kwa Mwanahawa kumwomba amsimulie upya, na kila mara alisema lipi limo kwenye karatasi na lipi halimo. Melita alimtazama mdomo. "Hapo kasema kweli," alisema mara moja. Baadaye kidogo, "Hapo hapana." Mkalimani alipofika kwa yule mama aliyekataa kuinuka na maiti mapajani, Melita aliinamisha kichwa na kukaa hivyo, viganja vyake vimebana magoti. Mkalimani hakuruka hata neno. Mimi nilitamani aruke.

Aliufikia mstari wa mwisho wa ushahidi. Akavuta pumzi, akausoma kama ulivyoandikwa.

"Mshtakiwa: hana swali."

Askari aliangalia saa yake, akatuangalia, akageuka kutazama nje.

"Ninalo," Melita alisema.

Mkalimani aliweka karatasi mezani. "Binti, andika," akaniambia. "Kama atakavyosema."

Nikafungua daftari.

"Pale mlango wa jikoni alipokuwa amesimama," Melita alisema polepole, "aliniona nimekuja na watu wangapi?"

Sikujua swali hilo linafungua mlango gani, wa ukweli au wa kujinasua. Nililiandika lilivyo. Mkalimani alinitaka nisome nililoandika, akamwuliza Melita kama ndivyo. Ndivyo.

Melita akanyosha mgongo.

"La pili," akasema.